Shajara ya jedwali la Grand National: Lubumbashi, Januari hadi Aprili 2025

Jumapili, 12 Januari

Lengo limeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza ili lisibadilike njiani: kufikia jioni ya Alhamisi, tarehe 3 Aprili, tuwe na farasi wanane, kwa mpangilio, kati ya 34 watakaokimbia Grand National, mbio ya farasi ya kuruka viunzi huko Aintree, Liverpool, Jumamosi ya tarehe 5. Hatutafuti mmoja. Vipimo ni viwili: je, mshindi yumo kati ya wanane wetu? Na kati ya watano wa kwanza tumewashika wangapi? Mtu akifumba macho akachagua wanane kati ya 34, atamshika mshindi mara 23.5 katika 100, na kati ya watano wa kwanza atapata 1.2 hivi kwa wastani. Jedwali letu la pointi lisipopita hapo, ni kupoteza wino.

Uwanja wenyewe: maili 4 na yadi 514, ndiyo mita 6,907. Viunzi 30 katika mizunguko miwili. Viunzi vilivyojengwa ni 16, na 14 kati yake vinarukwa mara mbili. The Chair, kilicho kirefu kuliko vyote (mita 1.6 hivi), na kile cha maji vinarukwa mara moja tu. Becher's Brook ni cha 6 na cha 22, Canal Turn ni cha 8 na cha 24. Baada ya kiunzi cha mwisho kuna mita 450 hivi za kukimbia bila kuruka, na hapo ndipo farasi mwenye kasi lakini asiye na pumzi hupitwa.

Mambo mawili yameandikwa kwa wino mwekundu. Mwaka 2013 mbao zilizokuwa ndani ya viunzi ziliondolewa, zikawekwa nyenzo laini za plastiki. Mwaka 2024 idadi ya farasi ilishushwa kutoka 40 hadi 34, na kiunzi cha kwanza kikasogezwa karibu na mahali pa kuanzia ili farasi wasifike wakiwa na kasi kubwa mno. Mwaka huohuo 2024 hakuna farasi hata mmoja aliyeanguka. Walioshindwa kumaliza walimwangusha jokei au walisimamishwa. Hekima nyingi inayorudiwa kuhusu mbio hii ilitokana na uwanja wa zamani. Mwaka 1967 Foinavon alishinda kwa 100/1 (dau la moja lililipa faida ya mia) kwa sababu karibu wenzake wote walirundikana kwenye kiunzi cha 23. Hesabu haiwezi kutabiri rundo kama lile, na jedwali halitajaribu.

Jumamosi, 18 Januari

Siku nzima imeishia kwenye kosa moja, na inafaa kulieleza kwa urefu kwa sababu yeyote wa hapa atalifanya.

Sisi wa Lubumbashi tumezoea karatasi za mbio za Ufaransa. Muziki ya farasi, ule mstari wa namba na herufi unaoonyesha alivyomaliza, kwa Wafaransa husomwa kuanzia kushoto: ya kwanza kushoto ndiyo mbio ya karibuni zaidi. Waingereza huandika kinyume. Mbio ya karibuni zaidi iko mwisho, kulia. Kistari hutenganisha msimu na msimu.

Chukua mstari 11-4PP. Ukiusoma kama muziki ya Ufaransa, huyu ameshinda mara mbili mfululizo, mpe pointi zote. Ukiusoma inavyotakiwa, alishinda mara mbili msimu uliopita, msimu huu akawa wa nne, halafu jokei akamsimamisha njiani mara mbili. Ni farasi wa kuacha. Mistari 60 iliyokwisha kuingizwa ilikuwa imesomwa kichwa chini, na yote imefutwa.

Herufi nazo zina mtego wake. Kwa Mwingereza, P ni farasi aliyesimamishwa na jokei wake, F ni aliyeanguka, U ni aliyemwangusha jokei, B ni aliyeangushwa na mwenzake, R ni aliyekataa kuruka. Kwa Mfaransa, aliyeanguka ni T na aliyesimamishwa ni A, na ile p ndogo inamaanisha mbio ya tambarare isiyo na viunzi. Sasa kila mstari unaingizwa na mtu mmoja na kusomwa kwa sauti na mwingine, kulia kwenda kushoto, kabla ya kuhifadhiwa.

Umri: farasi wote wa huko huongeza mwaka tarehe 1 Januari, hata aliyezaliwa Mei. Karatasi ya Desemba inayosema miaka 7 isomwe 8. Tumewarekebisha wote waliochukuliwa kwenye kurasa za mwaka jana.

Jumapili, 26 Januari

Washindi tangu 2015 wameingizwa. Uzito umegeuzwa kuwa kilo (stoni moja ni ratili 14, ratili ni kilo 0.4536). Kote, yaani malipo kwa kila dau la moja, imeandikwa kwa namna yetu: 33/1 ya Mwingereza ni 34 kwetu, kwa sababu yeye hahesabu pesa uliyoweka.

2015 Many Clouds, miaka 8, kilo 73.9, kote 26
2016 Rule The World, 9, kilo 66.7, kote 34
2017 One For Arthur, 8, kilo 68.5, kote 15
2018 Tiger Roll, 8, kilo 69.4, kote 11
2019 Tiger Roll, 9, kilo 72.1, kote 5
2021 Minella Times, 8, kilo 64.9, kote 12
2022 Noble Yeats, 7, kilo 68.0, kote 51
2023 Corach Rambler, 9, kilo 65.8, kote 9
2024 I Am Maximus, 8, kilo 72.6, kote 8

Mwaka 2020 mbio ilifutwa kwa ajili ya korona. Mstari wake unabaki mtupu. Usijazwe kwa mbio ya kompyuta iliyoonyeshwa kwenye televisheni mwaka ule.

Umri unaonekana wazi bila hesabu yoyote: tisa kati ya tisa wana miaka 7 hadi 9. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine. Neptune Collonges (2012), Auroras Encore (2013) na Pineau de Re (2014) wote walikuwa na miaka 11. Mzoefu wa miaka 11 alithaminiwa kwa sababu alijua kuruka kwa tahadhari. Kiunzi kilipolainishwa, kijana mwenye mapafu akampita.

Tangu Many Clouds, hakuna farasi aliyefunzwa Uingereza kusini ya Scotland aliyeshinda. Ireland imechukua nyingi, na Scotland mbili, zote mbili kutoka kwa mkufunzi mmoja, Lucinda Russell.

Jumapili, 2 Februari

Leo tumejaribu kanuni inayopendwa kuliko zote: “usimguse farasi aliyebeba zaidi ya kilo 70”. Katika washindi tisa, sita walikuwa chini ya kilo 70. Inaonekana nzuri. Lakini wengi wa wakimbiaji wote katika miaka hiyo walikuwa chini ya kilo 70 pia. Kanuni inayowapitisha washindi kwa kiasi kilekile inachowapitisha walioshindwa haijachuja kitu. Ni kama kusema washindi wote wana mkia.

Kwa hiyo kila kanuni sasa ina safu mbili: asilimia ya washindi waliopita, na asilimia ya wakimbiaji wote waliopita. Ya pili ikikaribia ya kwanza, kanuni inatoka. Ile ya kilo 70 imetoka. Nyingine iliyotoka ni “lazima awe amewahi kushinda mbio ya viunzi vikubwa”: Rule The World hakuwa ameshinda hata moja kabla ya siku ile.

Washindi tisa ni wachache mno kwa kazi hii, na kanuni yoyote ikipindwa kidogo itawatoshea. Ndiyo maana tunaingiza watano wa kwanza wa kila mwaka, mistari 45. Bado ni michache, ila inapunguza kujidanganya.

Jumapili, 16 Februari

Uzito umetangazwa. I Am Maximus ndiye wa juu, stoni 11 na ratili 12, kilo 75.3.

Hapa ndipo mbio hii inatofautiana na handikapu nyingi, yaani mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi. Uzito unapangwa Februari, mbio inakimbiwa Aprili, na katikati farasi anaweza kuimarika bila kuongezewa mzigo. Corach Rambler ni mfano: Machi 2023 alishinda mbio ya Ultima huko Cheltenham, lakini Aintree alibeba uzito uliopangwa kabla ya ushindi huo. Kwa alama zake mpya (kiwango cha ubora ambacho uzito hupangwa nacho) angepaswa kubeba ratili 10 zaidi, karibu kilo 4.5. Katika mbio za viunzi, ratili moja huhesabiwa kama urefu wa farasi mmoja hivi. Akaja Aprili akiwa na akiba ya urefu wa farasi kumi.

Safu mpya imeongezwa: alama ya siku ya mbio kutoa alama ya Februari. Pointi 1 kwa kila ratili 2, mwisho pointi 4.

Jumapili, 2 Machi

Nick Rockett, miaka 8, wa mkufunzi Willie Mullins, ameshinda Bobbyjo Chase huko Fairyhouse. Januari alishinda Thyestes Chase huko Gowran Park. Mbili mfululizo, zote ndefu, ya pili baada ya uzito kupangwa. I Am Maximus alipita njia hiyohiyo ya Bobbyjo mwaka jana. Aintree Nick Rockett atabeba kilo 73.5, uzito ambao kanuni ya zamani ingemtupa nao siku ya kwanza.

Pointi zilivyo sasa, kwa anayetaka kuiga jedwali: matokeo ya mbio tatu za mwisho, hadi 6. Kumaliza katika wanne wa kwanza kwenye mbio ya viunzi vikubwa ya mita 4,800 au zaidi, hadi 4. Umri wa 7 hadi 9, pointi 3. Wa 10 na 11, pointi 1. 12 na kuendelea, sifuri. Tofauti ya alama, hadi 4. Uwanja unaomfaa, hadi 3. Mkufunzi, hadi 2. Kila F au U katika mbio nane za mwisho hutoa 2. P hutoa 1 tu, maana mara nyingi jokei husimamisha farasi aliyechoka ili kumlinda, na hilo halisemi kitu kuhusu kuruka kwake.

Jumapili, 16 Machi

Siku za mbio za Cheltenham zimekwisha. Stumptown ameshinda mbio ya nyika, ileile ambayo Tiger Roll aliishinda 2018 na 2019 kabla ya kwenda Aintree. Amepanda.

Kazi kubwa ya wiki ilikuwa hali ya uwanja, na humo kuna kinyume kingine cha Wafaransa na Waingereza. Kifaa cha Ufaransa hupima chuma kimezama kiasi gani ardhini, hivyo namba ikikua, uwanja ni laini zaidi. Kijiti cha Waingereza hupima ugumu: namba ikikua, uwanja ni mkavu zaidi. Ukiziweka katika safu moja bila kugeuza, farasi wa matope anahesabiwa kuwa farasi wa ukavu. Tumeacha namba zote mbili, tumebaki na ngazi tano za maneno: tope zito, laini, laini kiasi, wastani, mgumu. Mtu aliyetembea Katuba, hapa Lubumbashi, Januari baada ya mvua, kisha Juni vumbi likitimka, hahitaji kueleweshwa tofauti ya mguu unaozama na mguu unaogonga.

Aintree humwagilia maji uwanja ili usiwe mgumu, kwa usalama wa farasi. Kwa hiyo ngazi ya tano karibu haitumiki, na asiyekimbia vizuri ila kwenye ukavu hapewi pointi yoyote hapa hata jua likiwaka Liverpool wiki nzima.

Jumamosi, 22 Machi

Kote. Kila kote hugeuzwa kuwa asilimia: gawa 100 kwa kote. Kote 9 ni 11.1, kote 34 ni 2.94. Ukijumlisha farasi wote 34 utapita 100, na ziada hiyo ni faida ya anayepokea dau. Tuseme jumla ni 140: basi kila asilimia igawanywe kwa 1.4, na 2.94 inakuwa 2.1. Anayeruka hatua hii huona kila farasi ana nafasi nzuri kuliko aliyo nayo.

Angalia kitu hiki kimoja, kwa sababu ndicho kinachotufanya tuendelee na kazi hii: 100 gawa kwa 34 ni 2.94. Farasi mwenye kote 34 katika mbio ya farasi 34 amehesabiwa kama aliyechaguliwa kwa kura, na ziada ikiondolewa, chini ya hapo. Kwa hiyo swali kwa kila farasi wa 33/1 ni rahisi: je, huyu kweli ni dhaifu kuliko mkimbiaji wa kawaida humu ndani? Kwa wengi jibu ni ndiyo. Kwa wawili au watatu kila mwaka jibu ni hapana, na jedwali lipo kwa ajili ya hao.

Jedwali halina safu ya pesa na halitakuwa nayo. Hata orodha nzuri humkosa mshindi mara nyingi kuliko kumpata katika nafasi ya kwanza.

Jumapili, 30 Machi

Uingereza wamesogeza saa mbele leo. Hadi jana tulikuwa mbele yao kwa saa mbili, sasa ni moja. Mbio itaanza saa 10 jioni kwao, saa 11 jioni Lubumbashi. Orodha ya mwisho ya Alhamisi itoke saa 4 asubuhi kwao, 5 kwetu. Ratiba ya zamani ingetufanya tuwashe runinga farasi wakivuliwa matandiko.

Kurasa zinahifadhiwa kama maandishi matupu, bila picha. Mega za intaneti hazipotei, na umeme ukikatika faili inabaki kwenye simu.

Alhamisi, 3 Aprili

Orodha imetoka. Kabla ya kufunga, tumetumia kanuni moja iliyoletwa wiki hii: mkufunzi mwenye farasi wengi, yule aliyechaguliwa na jokei wake mkuu abaki na pointi zote, wenzake wakatwe 3. Mullins ana kundi, na Paul Townend amemchagua I Am Maximus. Nick Rockett, aliyekuwa wa tatu, ameshuka hadi wa saba. Atapandwa na Patrick Mullins, mtoto wa mkufunzi, ambaye ni jokei wa ridhaa. Grangeclare West ametoka kwenye wanane, na Meetingofthewaters, aliyekuwa karibu kuingia, amesukumwa mbali zaidi.

Orodha iliyofungwa: I Am Maximus, Iroko, Stumptown, Intense Raffles, Hewick, Vanillier, Nick Rockett, Kandoo Kid.

Jumamosi, 5 Aprili, usiku

Nick Rockett wa kwanza, kwa 33/1. I Am Maximus wa pili, Grangeclare West wa tatu, naye kwa 33/1. Iroko, aliyekuwa favori (aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote) kwa 13/2, wa nne. Meetingofthewaters wa tano. Waliomaliza ni 16.

Mshindi alikuwa ndani ya wanane. Kati ya watano wa kwanza tumeshika watatu. Waliokosekana ni wawili walewale tuliowakata pointi Alhamisi kwa kanuni iliyoletwa dakika za mwisho.

Mshindi na wa pili wake walibeba kilo 73.5 na 75.3. Kuiondoa kanuni ya kilo 70 Februari ndiko kulikoiokoa orodha.

Jumapili, 13 Aprili

Kanuni ya jokei mkuu imepitishwa kwenye safu mbili kama ilivyopaswa kufanyiwa kabla ya kutumika. 2024 ilisema kweli: Townend alimchagua I Am Maximus, akashinda. 2021 iliiunga mkono nusu tu: Rachael Blackmore alishinda na Minella Times, mwanamke wa kwanza kuishinda mbio hii, lakini wa pili alikuwa Balko Des Flos, wa mkufunzi yuleyule Henry de Bromhead, kwa 100/1. Kanuni ingemtupa. Na 2025 imewakata pointi wawili waliofika kati ya watano wa kwanza. Ushahidi wa 2021 ulikuwa kwenye jedwali letu tangu Januari, mstari wa pili wa mwaka ule; hakuna aliyeufungua kwa sababu ilikuwa Alhamisi na muda ulikuwa umebana. Jokei huchagua kabla ya mbio, na kosa lake ni la kibinadamu. Farasi watano wa Mullins walikuwa kati ya saba wa kwanza: wingi wa zizi ulikuwa sababu ya kuongeza pointi, sisi tukakata.

Kuwa na jokei wa ridhaa pia si sababu ya kukata pointi. Sam Waley-Cohen alikuwa wa ridhaa aliposhinda na Noble Yeats mwaka 2022, na sasa Patrick Mullins.

Bila kanuni ile, kwa pointi zilezile za Alhamisi asubuhi, Nick Rockett anarudi wa tatu na Grangeclare West anaingia wa nane, akimtoa Kandoo Kid. Meetingofthewaters bado nje, kwa pointi moja. Hatutapinda pointi ili aingie.

Umri: Nick Rockett 8, I Am Maximus 9, Grangeclare West 9. Safu hiyo haiguswi.

Kinachobadilika kwa mwaka ujao: hakuna kanuni mpya baada ya tarehe 20 Machi, hata ikipendeza vipi. Kuingiza data kutaanza Desemba badala ya Januari, na mbio ya kwanza kuandikwa ni Becher Chase, kwa sababu inakimbiwa Aintree kwenye viunzi hivihivi. Mistari yake itasomwa kwa sauti, kulia kwenda kushoto.